Upinde wa Guka na Samaki wa Kamburu

Upinde wa guka bado uko nyumbani kwetu Karurumo, umening'inizwa juu ya mlango wa chumba cha ndani. Kamba yake ilikatika kabla sijazaliwa. Watoto hawaruhusiwi kuugusa, na kwa hivyo kila mtoto wa boma letu amewahi kuugusa.

Desemba iliyopita mpwa wangu, ambaye huendesha bodaboda baada ya kumaliza kidato cha nne, aliniomba niuteremshe. Alikuwa ameona video kwenye simu: Wamarekani ndani ya mashua usiku, taa kali mbele, wanapiga samaki kwa mishale iliyofungwa uzi kisha wanawavuta kama ndoo kisimani. Akaniambia, "Mjomba, hao wanaowapiga ni karpi. Si hata Kamburu wako? Na si mnasema ni wabaya, wanaharibu maji? Tuwapige. Hao si wa hapa, hakuna mtu atalia."

Nilicheka. Lakini usiku swali lilinirudia. Kama kuna samaki wageni katika maji ya umma, na watu wanalalamika kwamba wanaharibu, kwa nini kijana mwenye upinde asiruhusiwe kuwapunguza? Nilianza kutafuta jibu nikidhani ni swali la samaki. Kumbe lilikuwa swali la nani huamua kiumbe gani aingie majini na nani aruhusiwe kumtoa.

Nianze na upinde wenyewe. Haukutengenezwa kwa ajili ya samaki. Wazee wetu wa Embu, kama majirani zao wa Kikuyu, hawakula samaki. Guka aliwaweka kundi moja na nyoka, na hadi anakufa hakuwahi kuonja hata supu yake. Upinde ulikuwa wa kulinda shamba dhidi ya nguruwe na nyani, wa kuwinda huko chini Mbeere, na wa vita. Mwaka 1906 Waingereza walipotuma jeshi kuivamia Embu, watu wetu walikabiliana na bunduki kwa pinde na mikuki. Vita havikuchukua muda, na mwaka huohuo ngome ya serikali ikasimama pale ambapo sasa ni mji wa Embu.

Baada ya hapo upinde ulianza kuwa kitu cha kufichwa. Katika Kenya ya ukoloni, Mzungu mwenye bunduki na leseni aliitwa mwindaji. Mwafrika mwenye upinde katika pori lile lile aliitwa jangili. Huko Tsavo katikati ya miaka ya 1950, Wawaata, mafundi wa pinde nzito za kuulia ndovu, walisakwa hadi wengi wakaishia jela. Uhuru ulipokuja, leseni zilibaki. Kisha tarehe 20 Mei 1977 serikali ikapiga marufuku uwindaji wote, wa bunduki na wa mshale. Siilaumu sheria hiyo. Bila hiyo huenda leo tungekuwa tunawaona ndovu katika vitabu tu. Nataka tu ieleweke kwamba upinde wa juu ya mlango una miaka mingi bila kazi halali.

Sasa tuje kwa samaki. Mwaka uleule wa 1906 ulipoingia, mito ya nyanda za juu tayari ilikuwa na mgeni mwingine. Mwaka 1905 mayai ya trauti yaliletwa kutoka Scotland na kuwekwa katika mto Gura, kwenye milima ya Nyandarua, kazi ambayo jina la mlowezi Ewart Grogan linatajwa nayo hadi leo. Walowezi walitaka mchezo wa nyumbani. Trauti walipoizoea Gura, walienezwa katika mito ya baridi ya Mlima Kenya, ikiwemo Thiba na Rupingazi. Wakawekewa kanuni zao: leseni, fimbo, ndoano yenye manyoya ya kuiga nzi. Mvulana wa kijijini aliyeshika trauti kwa mkono katika mto uliopita mgongoni mwa shamba la babake alikuwa amevunja sheria. Mgeni alikuwa samaki, lakini aliyehitaji kibali ni mvulana.

Karpi alipewa mapokezi mengine. Huyu ni samaki mnene, mwenye magamba makubwa na sharubu fupi mdomoni, asili yake Ulaya na Asia. Hakuletwa kwa ajili ya mchezo, aliletwa kwa ajili ya sufuria. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilifungua kituo cha ufugaji wa samaki Sagana, na karpi alikuwa miongoni mwa samaki waliofugwa huko. Baada ya uhuru, miaka ya 1960, kukawa na kampeni ya kuwahimiza wananchi wale samaki na kuchimba mabwawa. Mwaka 2009 ikaja nyingine, ya kufufua uchumi, iliyopanga mabwawa 200 katika kila mojawapo ya maeneobunge 140. Hapo ndipo hata sisi wajukuu wa watu waliowaita samaki nyoka tulipojifunza kuwatoa miiba.

Anayejua ramani ya kwetu ataona tatizo liko wapi. Mto Sagana huingia Tana. Na juu ya Tana, kwa miaka ishirini, serikali ilijenga mabwawa ya umeme moja baada ya jingine: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Mto uliokuwa ukikimbia ukageuzwa kuwa msururu wa maziwa ya vuguvugu, yenye matope chini na kina kifupi pembeni. Kama ungemwuliza karpi achore nyumba anayoitaka, angechora hiyo. Jike mmoja mkubwa hutaga mayai yanayozidi laki kadhaa kwa msimu. Hula kwa kufukua chini, anang'oa mimea na kutibua udongo. Kwa Masinga, ambayo kila mvua hupokea udongo wa mashamba yetu sisi wa juu, huyo ni mkorogaji juu ya uji ambao tayari umekorogwa.

Kwa hiyo mpwa wangu hakukosea kuhusu karpi. Yaliyotokea Naivasha yanamuunga mkono. Ziwa lile lilikuwa na aina moja tu ya samaki wa asili, kadogo sana, kalikoonekana mara ya mwisho mwaka 1962. Wengine wote waliwekwa na watu: perege, kisha samaki wa Marekani mwenye mdomo mkubwa aliyetiwa mwaka 1929 ili walowezi wapate mchezo, kisha kamba wa maji baridi kutoka Louisiana mwaka 1970. Karpi aliingia mwishoni mwa miaka ya 1990 bila kuwekwa na mtu kwa makusudi. Inaaminika alitoroka mabwawa ya kufugia huko juu mtoni. Miaka kumi baadaye alikuwa ndiye sehemu kubwa ya samaki wanaovuliwa Naivasha.

Mwaka 2000 wataalamu wa IUCN, umoja wa kimataifa wa uhifadhi, walitoa orodha ya viumbe vamizi 100 walio wabaya zaidi duniani. Samaki ni wanane. Nilipoisoma nilipata kigugumizi. Karpi yumo. Sangara wa Ziwa Victoria yumo. Yule wa Marekani wa Naivasha yumo. Na trauti, aina zote mbili zilizoko katika mito ya Mlima Kenya, wamo. Mpwa wangu hakuwahi kuniambia, "Mjomba, twende Thiba tukapige trauti." Wala mimi sikuwahi kufikiria hivyo. Trauti ana kambi za uvuvi, ana watalii, ana leseni. Orodha inawaweka wote pamoja, lakini sisi tunachagua ni yupi aitwe adui kwa kuangalia ni nani anayemla.

Sangara, ambaye Wajaluo humwita mbuta, anaonyesha jambo hilo vizuri zaidi. Alitiwa Ziwa Victoria upande wa Uganda mwaka 1954, na miaka ya 1980 akafurika. Furu, visamaki vya aina mamia vilivyokuwa katika ziwa hilo tu, walimezwa. Inakadiriwa kwamba aina 200 hivi zilipotea. Mabaya yote ya neno "mvamizi" yanamfaa. Lakini viwanda vya minofu vilijengwa, ndege zikaanza kumbeba kwenda Ulaya, na leo sheria zinamkataza mvuvi kumshika sangara wa chini ya sentimita 50. Mvamizi amepata ulinzi. Na tusisahau kwamba samaki huyohuyo kule Turkana ni mwenyeji wa tangu zamani. Ugeni hauko katika damu ya samaki, uko katika safari aliyosafirishwa.

Nikarudi kwa swali la mshale. Je, unaweza kweli kupunguza karpi?

Wamarekani wana uzoefu. Wao wenyewe ndio waliomsambaza: kuanzia mwaka 1877 tume ya serikali yao ya samaki ilimzalisha na kumgawa kwa wakulima, treni kwa treni, kama vile sisi tulivyogawiwa vifaranga vya perege. Sasa majimbo mengi yanaruhusu kumpiga kwa upinde, kwa sababu hakuna anayemhesabu kuwa samaki wa thamani. Watu hufurahia, hushindana, huondoa mamia kwa usiku mmoja. Lakini mshale hupiga mmoja mmoja, na huchagua mkubwa aliye karibu na uso wa maji. Wadogo walio chini hubaki, na wakipata nafasi na chakula hukua upesi zaidi. Palipopatikana mabadiliko ya kweli palitumika njia nyingine. Katika ziwa dogo la Wingra, mjini Madison, Wisconsin, mwaka 2008 walisubiri majira ya baridi ambapo karpi hujikusanya pamoja, wakawazungushia wavu na kuwatoa kwa maelfu. Maji yakawa angavu, mimea ikarudi. Lilikuwa ziwa unaloweza kulizunguka kwa miguu kabla ya chai. Masinga ikijaa inafunika kilomita za mraba 120 hivi.

Kuna na mambo ya kwetu ambayo video haionyeshi. Mpiga mshale anahitaji kumwona samaki, na kulenga chini kidogo ya pale anapomwona, kwa maana maji hupinda mwanga. Katika maji ya rangi ya chai ya maziwa utaona nini? Kivuli. Na kivuli hicho kinaweza kuwa kambare au samaki mwingine wa asili ya Tana. Samaki wa wavuni ukikosea unamrudisha, wa mshale humrudishi. Halafu kina kifupi anakopenda karpi ndiko anakopenda mamba, na kiboko pia hayuko mbali. Mabwawa yale yana makaburi ya watu walioingia hadi magotini tu.

Mwezi wa pili tulikwenda wote wawili, bila upinde. Matatu hadi Embu, nyingine hadi Kiritiri, kisha bodaboda. Karibu na Kamburu tulikaa kwa mama mmoja anayekaanga samaki kando ya barabara. Mpwa wangu akaagiza, akala, akasifu. Akauliza ni samaki gani.

"Ni karpi," mama akasema. "Perege siku hizi ni wachache."

Mpwa wangu akamweleza habari ya mishale, kwa heshima, akimwita mama kila baada ya maneno mawili. Mama akageuza vipande kwenye mafuta. Akasema, "Sasa ukimaliza kuwapiga, mimi nitakaanga nini? Nimesomesha wawili na hawa. Wakati wanaletwa hakuna aliyetuuliza. Na sasa mkitaka kuwatoa pia hamtuulizi?"

Kijana alinyamaza. Ile sentensi yake ya "hakuna mtu atalia" ilikuwa imepata mtu.

Mimi msimamo wangu ndio huu. Kama vijana wa Mbeere au wa kwetu wanataka kuvua karpi kwa upinde, waruhusiwe, chini ya vikundi vya wavuvi vya BMU ambavyo tayari vipo, kutoka kwenye mashua na si kwa kuingia majini, na samaki aliyepigwa aende sokoni badala ya kuachwa aoze ufukweni. Sheria ya uvuvi ya mwaka 2016 inakataza sumu, baruti na umeme, na inafanya vyema. Mshale wenye uzi hauko katika kundi hilo. Itakuwa haki ndogo kwa chombo kilichoitwa cha jangili kwa miaka mia moja. Lakini tusiuite udhibiti. Udhibiti ni nyavu halali kwa wingi wakati karpi wanapojikusanya kutaga, ni mabwawa ya kufugia yaliyozibwa yasimwagike mtoni, ni udongo wa mashamba yetu wa huku juu usiende Masinga. Hilo la mwisho linatuhusu sisi wa Karurumo kuliko mtu yeyote, na halihitaji upinde bali matuta na miti. Na kabla ya lolote, aulizwe yule mama.

Tuliporudi mpwa wangu aliuteremsha upinde hata hivyo. Aliupangusa vumbi, akaukunja kidogo kuona kama utavunjika, haukuvunjika. Akaniuliza kamba ya zamani ilikuwa ya nini. Nikamwambia ya mshipa wa mnyama. Akasema atatafuta ya nailoni. Kisha akaurudisha juu ya mlango, akaenda kubeba abiria.