Punda anayeogopa chombo: Namna ya kumzoesha kupanda mashua bila bakora

YEYOTE aliyepata kusimama ukingoni mwa bahari mjini Lamu wakati maji yamejaa ameiona hali hii. Mashua imefungwa gatini, nahodha ana haraka kwa kuwa maji hayamsubiri mtu, na punda mmoja amesimama hatua mbili tu kutoka kwenye chombo, miguu ya mbele ameikita, shingo ameinyoosha kuipinga kamba. Vijana wawili wanamvuta. Wa tatu yuko nyuma na bakora. Baada ya dakika kumi za kelele, punda huyo ama atakuwa ndani ya chombo akitetemeka mwili mzima, ama atakuwa ameteleza na mguu wake kubanwa baina ya gati na ubavu wa mashua.

Mguu wa punda ukivunjika, kwa kawaida ndio mwisho wake. Na kwa mwenyewe, huo ni mwisho wa kipato cha nyumba nzima. Mji wa kale wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, una vichochoro vyembamba ambavyo gari haliwezi kuviingia. Saruji, mchanga, mawe ya kujengea, magunia ya unga na taka za mjini, vyote hivyo hubebwa na mnyama huyu. Ndiyo maana Waamu husema kwamba mtu asiye na punda, yeye mwenyewe ni punda.

Lakini Lamu si kisiwa kimoja. Kuna Manda, Pate, Ndau na Kiwayu, na hakuna daraja linaloviunganisha. Punda aliyenunuliwa Siyu au Faza ili afanye kazi Amu hana budi kuvuka bahari. Vivyo hivyo aliyetoka bara kupitia Mokowe, na vivyo hivyo mgonjwa anayepelekwa kwa daktari wa mifugo. Tangu mwaka 1987, shirika la Donkey Sanctuary la Uingereza lilipofungua kliniki ya punda mjini Lamu, wenye punda wengi walijifunza kwamba kidonda au kichomi kinaweza kutibiwa. Matibabu hayo hayamfai punda wa kisiwa cha pili asiyekubali kutia mguu chomboni.

Jambo la kwanza ambalo mwenye punda hana budi kulielewa ni kwamba mnyama huyu hakatai kwa sababu ya ukaidi. Anaogopa, na woga wake hauonekani kama wa wanyama wengine. Farasi akiogopa hukimbia. Punda husimama. Mababu zake ni punda mwitu wa Afrika, waliokaa katika nchi kame na zenye mawe za pembe ya kaskazini-mashariki ya bara hili, na utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Science ulionyesha kuwa binadamu alianza kumfuga yapata miaka 7,000 iliyopita, huku huku upande wetu wa Afrika. Katika nchi ya namna hiyo, mnyama anayetimka ovyo huvunjika miguu kwenye majabali. Aliyesalimika ni yule aliyesimama kwanza, akatazama, akapima, kisha akaamua. Punda anayegoma gatini anafanya jambo lile lile lililowaokoa wazee wake.

Tatizo ni kwamba sisi humnyima nafasi ya kupima. Tunapomchapa wakati ametazama mashua, hachukui funzo kwamba apande. Funzo analochukua ni kwamba mahali penye mashua ndipo penye maumivu. Safari ya pili atagoma hatua ishirini kabla ya gati, na ya tatu atagoma akisikia tu harufu ya bahari. Tunapenda kusema kwamba asante ya punda ni mateke. Kwa maoni ya mwandishi huyu, mateke mengi yanayotolewa gatini yalikuwa yamelipiwa mapema.

Inafaa pia kujua punda huona nini. Macho yake yako ubavuni mwa kichwa, hivyo huona sehemu kubwa ya pande zote, lakini haoni vizuri kilicho chini kabisa ya pua yake wala kilicho nyuma moja kwa moja. Kupima kina kwa macho kunampa shida. Ule ufa wa maji wa upana wa shubiri moja baina ya gati na mashua, ambao mwanadamu huuruka bila kuufikiria, kwake waweza kuwa shimo lisilo na mwisho. Vilevile macho yake huchelewa kuzoea kutoka kwenye mwangaza mkali hadi gizani, na ndani ya mashua, hasa adhuhuri, ni kiza kitupu kwa mnyama aliyesimama juani. Ongeza hapo mlio wa kwato juu ya mbao zenye uwazi chini yake, na sakafu inayoyumba, jambo ambalo ardhi haijapata kumfanyia maisha yake yote.

Kabla ya mafunzo yoyote, punda akaguliwe. Mara nyingine anayedhaniwa kuwa mwoga ni mgonjwa tu: kwato zimerefuka au zimeoza, goti limevimba, au jicho moja limefunikwa na utando. Punda mzee mwenye maumivu ya viungo hawezi kuinua mguu kuvuka ubavu wa mashua hata akitaka. Huyo anahitaji matibabu, si mazoezi.

Kama ni mzima, kazi huanzia nyumbani, mbali kabisa na maji. Tafuta ubao mpana na imara, hata mlango mkuukuu unafaa, uulaze juu ya mchanga mahali anapopita kila siku. Mwache aunuse. Usimvute. Mwekee konzi ya pumba au maganda ya embe pembeni mwa ubao, kesho yake katikati, kesho kutwa upande wa pili. Akishaukanyaga bila wasiwasi, uinue kidogo kwa vipande vya mbao chini yake ili utoe mlio. Baadaye uweke mwinamo. Kila zoezi lisizidi robo saa, na likome wakati punda ametulia, hata kama alichofanya ni kuweka kwato moja tu. Mwenye haraka hulichukia sharti hili, lakini ndilo lenye uzito kuliko yote, kwa sababu mnyama hukumbuka zaidi namna zoezi lilivyokwisha.

Kamba nayo ina lugha yake. Ivute polepole mpaka punda aihisi, kisha ushike hapo hapo bila kuongeza nguvu. Pindi atakapoinama mbele, hata kwa unene wa kidole, ilegeze mara moja. Kule kulegea ndiko kunakomwambia kwamba amefanya sawa. Mtu anayeendelea kuvuta baada ya punda kukubali huwa amemwadhibu kwa utiifu wake. Kwa wengi wetu huenda hili likawa gumu zaidi kuliko kumfundisha punda mwenyewe, maana mkono wa binadamu ukishashika kamba hutaka kushinda. Kamba yenyewe ifungwe kichwani kwa hatamu laini, si shingoni ambako hukaba, wala isizungushwe puani.

Ishara za hofu si ngumu kuzisoma. Masikio hukakamaa yakielekezwa mahali pamoja, weupe wa jicho huonekana, mkia hubanwa, mdomo hukazwa na kichwa hupanda juu. Ukiyaona hayo, rudi nyuma hatua moja na umpe muda. Akishusha kichwa, akalamba midomo, akatafuna au akapuliza pumzi ndefu puani, amekubali kufikiri tena. Hapo unaweza kuendelea.

Hatua ya pili ni ufukweni. Mashua iwe imekaa mchangani maji yakiwa yamekupwa, isiyumbe wala isitoe ufa wa maji. Punda azungushwe kando yake, apewe chakula chake kivulini mwa chombo hicho kwa siku mbili tatu, ausikie mlio wa ubavu unapogongwa na tanga linapopepea. Punda ambaye tayari amezoea kuogeshwa baharini huwa na nafasi njema hapa, kwani maji yenyewe hayamtishi. Kisha uwekwe ule ubao wa nyumbani, anaoujua, kutoka mchangani hadi ndani ya mashua. Wengi hupanda siku hiyo bila kuambiwa.

Hali kadhalika, usimpeleke peke yake. Punda hufungamana na mwenzake kwa namna ambayo watu huidharau. Wawili waliofanya kazi pamoja miaka kadhaa hula pamoja, husimama pamoja, na mmoja akiondolewa mwingine huweza kususia chakula. Kususia huko si deko. Punda asipokula, mafuta ya mwili wake huanza kuyeyuka na kuingia katika damu kwa wingi, ini likazidiwa, na mnyama aliyekuwa mzima anaweza kufa katika muda wa siku chache. Kwa hiyo mwenzake mzoefu apande kwanza, mbele ya macho yake, kisha mwoga afuate. Na kama mmoja ndiye anayeuzwa kisiwa kingine, mnunuzi mwenye busara atawaulizia wote wawili, au walau atamchunguza mgeni wake anavyokula kwa wiki nzima ya kwanza.

Siku ya safari yenyewe, maji ndiyo mwalimu mkuu. Katika pwani yetu tofauti baina ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua huweza kupita mita tatu, kwa hiyo gati lile lile ambalo asubuhi liko sawa na ubavu wa mashua, alasiri liko juu yake kama paa. Chagua saa ambayo chombo na gati vinalingana, na kwa safari ya kwanza chagua siku za maji mafu, mkondo ukiwa mpole. Msimu nao una neno lake. Miezi ya kusi, hasa Juni na Julai, bahari huchafuka. Mnyama anayesafiri kwa mara ya kwanza angojee utulivu wa baina ya misimu au kaskazi lisilo kali.

Mashua ifungwe omo na tezi ili isizunguke. Ufa wa maji uzibwe kwa ubao mpana uliopigiliwa vipande vya mbao vya kupinga utelezi, na pande zake ziweza kufunikwa kwa magunia ili punda asione maji chini. Sakafu imwagiwe mchanga mbichi au itandikwe makuti. Mizigo mizito ishushwe chini kabisa kabla yake, chombo kitulie. Asipande akiwa na shogi mgongoni. Punda wa kwetu ana uzito wa kilo 120 hadi 180, na akiyumba na mzigo juu anaweza kuyumbisha mashua ndogo pamoja na waliomo.

Ndani, aachiwe nafasi ya kutanua miguu, maana hivyo ndivyo anavyojisawazisha. Tabia ya kumfunga miguu yote minne na kumlaza kama gunia inapaswa kukomeshwa. Humwondolea uwezo wa kujisawazisha, humwumiza, na chombo kikipinduka huwa kimemhukumu kifo. Kamba ya kichwani ishikwe na mtu anayemjua, au ifungwe kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja. Kuna wanaouliza kuhusu dawa za kutuliza. Hizo ni za daktari wa mifugo peke yake, na hata yeye atasita, kwa kuwa punda aliyelewa dawa hupoteza mizani yake hasa pale anapoihitaji.

Safari ya kwanza iwe fupi mno: toka gatini, zunguka, rudi, mshushe, mpe chakula. Kutoka Amu kwenda Manda kunatosha. Pate ingoje, kwani safari yake kwa tanga ni ya saa kadhaa na chombo kinachopita Mkanda hutegemea maji kujaa.

Mazoezi haya yote huchukua wiki mbili hivi kwa punda asiyewahi kuumizwa. Kwa yule aliyekwisha kuchapwa gatini, au aliyewahi kutumbukia, huenda ukahitajika mwezi au zaidi, na wengine hawarudi kamwe kuwa watulivu kabisa. Mwenye mbwa anayeogopa gari kule Mombasa au Nairobi atatambua kwamba njia ni ile ile: gari lisimame kwanza, mlango uwe wazi, chakula kiliwe karibu nalo, injini iwashwe siku nyingine, na safari ya kwanza ikomee mwisho wa mtaa.

Nahodha atalalamika kwamba hana wiki mbili. Jibu ni kwamba wiki hizo hazimhusu, kwani kazi karibu yote hufanyika uani na ufukweni, wakati chombo chake kiko safarini. Kinachomhusu ni dakika tano za kumwacha punda atazame siku atakapofika gatini. Sheria nayo iko upande wa mnyama: Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360 ya sheria za Kenya, inaharamisha kumpiga mnyama kikatili, kumbebesha kupita kiasi na kumsafirisha kwa namna inayomtesa bila sababu. Ni nadra kwa mtu kushtakiwa kwa sababu ya punda gatini, lakini mwenye chombo anayekataa bakora isitumike juu ya mbao zake ana haki kamili ya kufanya hivyo, na mwenye punda anayemwona nahodha wa namna hiyo ni vyema amshike huyo huyo kwa safari zake za baadaye.