Habari za Mafundisho ya Dini, tangu Bukumbi hata Isaka

Ndugu Wakristo, nanyi walimu wenzangu, katika siku za Yubile desturi yetu ni kuhesabu makanisa, mapadre na wabatizwa, na kumshukuru Mungu kwa wingi wao. Hesabu hiyo ni njema. Walakini iko habari nyingine isiyohesabika upesi, nayo ni habari ya mafundisho: jinsi watu wa nchi hii walivyofundishwa dini kwa utaratibu, mwaka kwa mwaka na daraja kwa daraja, na jinsi walimu wenyewe walivyofundishwa kwanza. Hiyo ndiyo nitakayoieleza hapa, kwa kuwa kanisa linalosahau lilivyofundishwa litasahau pia kufundisha.

Mwaka 1868 Askofu Mkuu wa Algiers, Charles Lavigerie, alianzisha Shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao watu wetu waliwaita Mapadre Weupe kwa sababu ya kanzu zao. Mwaka 1878 aliwatuma wa kwanza kuja bara kwa njia ya Bagamoyo. Walitembea kwa miguu pamoja na wapagazi wao, wakapatwa na homa na taabu nyingi, na Padre Joachim Pascal akafa njiani. Waliosalia wakagawanyika, wengine wakaenda upande wa Tanganyika, wengine upande wa ziwa Nyanza.

Wamisionari hao walikuja na amri moja iliyokuwa ngumu kwao. Lavigerie aliwaagiza wasimbatize mtu mzima mwenye afya mpaka amejaribiwa na kufundishwa miaka minne. Miaka miwili ya kwanza mtu alikuwa mwombaji tu, naye alifundishwa habari za Mungu Muumba, za roho ya mtu, na za mema na mabaya. Akionekana kuwa amara, aliingia daraja la wakatekumeni, akafundishwa habari za Kristo na imani ya Kanisa miaka miwili tena. Mafumbo ya Sakramenti aliwekewa akiba mpaka karibu na ubatizo. Palikuwa na ruhusa moja tu: aliye katika hatari ya kufa aweza kubatizwa mara.

Wengi waliona amri hiyo kuwa nzito mno. Mmisionari aliyetoka mbali, na ambaye huenda homa itamwua kabla ya mwaka kwisha, alitamani kuona matunda ya kazi yake. Walakini Lavigerie hakuitunga amri hiyo kichwani mwake tu. Aliitoa katika desturi ya Kanisa la kale, na sehemu kubwa ya Kanisa hilo ilikuwa hapa hapa Afrika. Katika mji wa Aleksandria, huko Misri, palikuwapo zamani shule mashuhuri ya mafundisho, ambayo Origene aliifundisha. Na karibu na mwaka 400 shemasi mmoja wa Karthago, jina lake Deogratias, alimwandikia Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo, akilalamika ya kuwa maneno yake yalikuwa marefu na baridi, hata yeye mwenyewe akachoka pamoja na wasikilizaji. Augustino akamjibu kwa kitabu kizima. Alimwonya aanze na habari za kuumbwa kwa ulimwengu, azifuate hata kufika nyakati za Kanisa, akichagua yaliyo makuu na kuyaeleza pole pole. Tena alimkumbusha afundishe kwa furaha, na kama msikilizaji amechoka kusimama, apewe mahali pa kuketi. Sisi walimu wa vigangoni, tunaofundisha mchana wa jua kali watu waliotoka shambani bila kula, twaweza kukisoma kitabu hicho kama barua tuliyoandikiwa sisi.

Sasa na tuangalie jinsi mafundisho hayo yalivyojaribiwa. Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans walifika Buganda mwezi wa Februari mwaka 1879. Mwezi wa Novemba mwaka 1882, kwa sababu ya hatari nyingi, wamisionari wote wa Shirika lile wakaondoka Buganda wakavuka ziwa, na mwaka 1883 wakafanya makao Bukumbi, karibu na Mwanza, katika nchi yetu ya Usukuma. Hivyo kituo chetu hiki cha kale kilizaliwa kama kimbilio la watu waliodhani kazi yao imeharibika. Waliowaacha ng'ambo walikuwa wabatizwa wachache na wanafunzi. Miongoni mwao walikuwa Yosefu Mukasa Balikuddembe na Andrea Kaggwa, waliobatizwa siku moja, tarehe 30 Aprili 1882. Hawakuwa wametimiza miaka minne, kwa kuwa mapadre wenyewe walikuwa wamekaa huko miaka mitatu na miezi michache tu.

Mapadre waliporudi Buganda mwaka 1885, hawakukuta moto uliozimika. Wabatizwa wale walikuwa wamefundisha wenzao, jumba la mfalme na nje yake, na idadi ya wanafunzi ilikuwa imeongezeka. Kisha yakaja mateso. Yosefu Mukasa aliuawa tarehe 15 Novemba 1885, Andrea Kaggwa tarehe 26 Mei 1886, na Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Baadhi ya vijana wale walikuwa wakatekumeni bado, na Karoli Lwanga aliwabatiza usiku wa kuamkia safari yao ya kifo. Tarehe 18 Oktoba 1964 Kanisa liliwaandika Wakatoliki 22 katika hesabu ya Watakatifu.

Walimu wenzangu, tulitafakari jambo hili. Walioshika imani bila padre karibu miaka mitatu hawakuishika kwa sababu walikuwa wamekariri maneno mengi. Waliishika kwa sababu walikuwa wameyafahamu, hata wakaweza kumweleza mwingine. Hicho ndicho kipimo cha mafundisho ya kweli: mwalimu akiondoka, mwanafunzi aweza kusimama mahali pake.

Kutoka Bukumbi kazi ikaendelea kusini na magharibi. Mwaka 1891 Padre François Gerboin alianzisha misioni ya Ushirombo, ambayo leo imo katika Mkoa wa Geita na katika Jimbo la Kahama, naye mwaka 1897 akawekwa kuwa Askofu wa Unyanyembe. Huko Ushirombo walitunzwa pia watoto waliokombolewa utumwani. Habari za waliokombolewa zatuonyesha jinsi Lavigerie alivyotaka Mwafrika afundishwe hasa, wala si kuokotezewa maneno machache. Mfano wake ni Adrian Atiman. Alizaliwa upande wa Timbuktu, akaibwa akiwa mtoto, akauzwa, akakombolewa na Mapadre Weupe huko Algeria. Wakampeleka kisiwa cha Malta kusoma uganga wa kizungu, ili awe mganga na katekista pamoja. Alifika Karema, pwani ya ziwa Tanganyika, mwaka 1889, akatibu na kufundisha huko mpaka alipokufa mwaka 1956. Hiyo ni miaka 67 ya kazi ya mtu mmoja aliyefundishwa vizuri.

Kadhalika seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, ilianza mwaka 1904, na tarehe 15 Agosti 1917 wakapewa upadre huko vijana wanne, mapadre Wakatoliki wa kwanza wazaliwa wa Tanganyika. Hesabuni wenyewe: miaka 13 tangu shule kufunguliwa hata matunda yake ya kwanza. Mwaka 1925 ikaanza seminari kuu ya Kipalapala, karibu na Tabora. Hakuna lililofanyika kwa haraka.

Lakini historia ya kweli husema na mapungufu. Kwa muda mrefu mapadre walisoma Maandiko na elimu ya Mungu miaka mingi, ila sisi walimu wa vijijini tulikuwa na kitabu kidogo cha maswali na majibu. Swali lilisomwa, jibu likaimbwa na wote, na aliyeimba bila kosa alihesabiwa kuwa anajua. Silidharau kitabu kile, maana babu zetu walikufa wakiwa na maneno yake midomoni. Walakini Biblia yenyewe haikuwa mikononi mwa wengi wetu. Ndugu zetu Waprotestanti walitutangulia katika hilo, kwani Agano Jipya kwa Kisukuma lilitoka mwaka 1925, na Biblia nzima mwaka 1960. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliagiza Wakristo wote wafunguliwe njia pana ya kuyafikia Maandiko Matakatifu, na katika waraka wake juu ya umisioni ukaagiza pia kwamba shule za makatekista ziongezwe, na makatekista wapate mafundisho ya Biblia, ya liturjia na ya njia za kufundisha, pamoja na riziki ya haki.

Sasa nitasema machache juu ya Isaka. Isaka ni kituo cha reli katika njia ya kutoka Tabora kwenda Mwanza, reli iliyofika Mwanza mwaka 1928. Hapo ndipo ilipo bandari kavu, mahali mizigo ya Rwanda na Burundi inaposhushwa katika treni na kupakiwa katika malori. Kwa hiyo watu wa Isaka ni watu wa kupita. Leo anasali nasi dereva, kesho kuli wa mizigo, kesho kutwa kijana anayekwenda machimbo ya dhahabu upande wa Kahama na Geita. Mwalimu wa mahali kama hapa hana miaka minne na mtu. Pengine ana Jumapili nne tu.

Mwaka 2008 nilikuwa mwalimu mpya, niliyejua kitabu cha maswali kwa moyo. Baada ya ibada kijana mmoja mchimbaji, mwenye rozari shingoni, aliniaga akaniambia wazi kwamba anapita kwanza kwa mganga kutafuta dawa ya dhahabu. Nikamsomea Amri ya Kwanza. Akaisema pamoja nami mpaka mwisho, bila kukosa neno, kisha akaenda zake kwa mganga. Aliijua kama mimi nilivyoijua, naye wala mimi hatukuwa tumeifahamu.

Siku zile nchi yetu ilikuwa imeingia katika aibu kubwa. Kuanzia mwaka 2007 hivi, watu wenye ulemavu wa ngozi walikuwa wakiuawa, hasa katika mikoa ya upande wetu wa ziwa, kwa sababu ya uongo wa waganga kwamba viungo vyao huleta utajiri katika machimbo na katika uvuvi. Mama mmoja wa kigango chetu alikuwa na mtoto wa namna hiyo, naye akaacha kumleta kanisani. Nilipomwendea nyumbani, alinikaribisha kwa heshima, akanipa kiti, akasema: “Mwalimu, hao wanaomwinda mwanangu, wengine wao mmewabatiza ninyi.” Sikuwa na jibu katika kitabu changu. Nilikaa kimya, nikaaga.

Neno lile ndilo lililonipeleka masomoni. Nilikwenda katika chuo cha makatekista, nikiwa mtu mzima mwenye mke na watoto, nikasoma miaka miwili: Agano la Kale, Injili, Sakramenti, maadili, historia ya Kanisa, na namna ya kufundisha. Mwezi wa kwanza nilinung'unika, kwa kuwa tulikaa siku nyingi juu ya sura za mwanzo za kitabu cha Mwanzo, nami nilidhani nazijua. Kumbe pale ndipo palipokuwa na jibu la yule mama. Kabla Mungu hajatoa amri yo yote mlimani, Maandiko yamekwisha kusema kwamba mtu ameumbwa kwa mfano wake. Amri husimama juu ya msingi huo. Mtu akifundishwa amri bila msingi, aweza kuiimba na kuivunja siku ile ile. Bali aliyefahamu kwamba mtoto yule ana sura ya Mungu, hawezi kumfanya dawa. Hapo nikaelewa kwa nini Lavigerie aliweka Mungu Muumba na roho ya mtu katika miaka ya kwanza, na kwa nini Augustino alimwambia shemasi wake aanzie mwanzo.

Niliporudi, nilikwenda nyumbani kwa mama yule kwanza, nikamwomba radhi kwa kimya changu. Kisha tukaanza upya katika kigango, tukafundisha kuumbwa kwa mtu Jumapili nyingi mfululizo, na wazee wa kanisa wakakubaliana kumsindikiza mtoto kuja na kurudi. Serikali nayo mwezi wa Januari 2015 ikapiga marufuku waganga wapiga ramli. Lakini marufuku hufunga mlango wa mganga tu. Kuufunga moyo wa anayemwendea ni kazi ya mafundisho.

Tarehe 10 Mei 2021 Papa Fransisko aliweka rasmi huduma ya katekista katika Kanisa zima, akataka wanaoipokea wawe wamefundishwa Biblia, elimu ya Mungu na ufundishaji. Basi heshima hiyo tuistahili. Ninyi wazee wa parokia, mnapotoa mchango wa Yubile kwa mabati na kengele, tengeni sehemu ya kumpeleka mwalimu mmoja masomoni, na kulima shamba lake asipokuwapo. Ninyi walimu, msione haya kuketi tena dawatini. Yule towashi wa Kushi alikuwa mtu mkubwa, mwenye gari na kitabu mkononi, naye alikiri mbele ya Filipo kwamba hawezi kufahamu bila mtu wa kumwongoza. Wapo wengi wa namna yake wanaopita Isaka kila siku, wakipanda malori. Mungu atujalie wasitukute hatuna jibu.