Masomo ya Lugha Nyumbani: Habari za Njia Mbili

Mzazi afundishaye watoto wake nyumbani hana budi kuchagua taratibu ya masomo ya lugha, na uchaguzi ulio mgumu ni ule wa watoto wa miaka 9 hata 12. Mtoto wa umri huo amekwisha kujua kusoma. Kitabu apewacho sasa ndicho kitakachompendezesha lugha au kumchosha nayo. Twaeleza hapa njia mbili zilizotokea zamani.

Huko Marekani, William Holmes McGuffey alianza kutoa vitabu vyake vya kusomea mwaka wa 1836. Navyo vilikusanya vipande vifupi, vikizidi ugumu daraja kwa daraja. Baadaye shule ya Calvert ya mji wa Baltimore, iliyofunguliwa mwaka wa 1897, ilianza mwaka wa 1906 kuwapelekea wazazi masomo kwa posta. Hivyo mzazi asiye mwalimu aliambiwa kazi ya kila siku.

Huko Uingereza, Charlotte Mason (1842–1923) alishika njia nyingine. Kitabu chake, Home Education, kilitoka mwaka wa 1886, na tangu mwaka wa 1891 shule yake ilipeleka majumbani orodha za vitabu na mitihani. Yeye hakupenda vipande vipande. Mtoto alisoma sehemu ya kitabu kizuri mara moja tu, kisha akaisimulia kwa maneno yake mwenyewe. Alipofika miaka kumi hivi, akaandika masimulizi yake. Kuendeleza maneno kulifundishwa kwa imla: mtoto aliyakazia macho kwanza maneno magumu, ndipo akasomewa aandike, neno lililokosewa likafunikwa upesi, lisimkae machoni. Sarufi haikuharakishwa, nayo ilianza kwa sentensi nzima.

Leo, kufundisha nyumbani ni halali katika majimbo yote ya Marekani, na wazazi wangali wakipima njia hizi mbili. Ya kwanza humsaidia mzazi mwenye shughuli nyingi, lakini mtoto aweza kujibu kila swali la kitabu asiweze kueleza jambo lolote peke yake. Ya pili hutaka msikilizaji mvumilivu. Asipokuwapo, makosa huota mizizi. Basi twaona kwamba mzazi asihesabu kwanza kurasa za sarufi. Na akifunge kitabu, amsikilize mtoto: aweza kusema nini?