Safari ya Bertha Benz na Funzo Lake kwa Madereva

Wasikilizaji wetu, wako watu wadhanio ya kuwa motakaa haitaki kitu ila petroli. Leo twapenda kuwasimulia habari ya kale ionyeshayo kwamba sivyo.

Mwaka 1886 Mjerumani mmoja, Karl Benz, alipewa hati ya serikali kwa ajili ya gari lake la magurudumu matatu, lililokwenda kwa injini. Watu wengi hawakuliamini. Basi, mwezi wa Agosti 1888, mkewe Bertha aliondoka mji wa Mannheim alfajiri pamoja na wanawe wawili, Eugen na Richard, bila kumwarifu mumewe, akashika njia ya Pforzheim kwa mama yake. Mwendo wake ulipita maili 60, wala kabla yake hapana mtu aliyekwenda mbali hivyo kwa gari la namna ile.

Njiani gari lilidai haki yake. Mafuta yalipopungua, aliyanunua katika duka la dawa huko Wiesloch, kwani vituo vya petroli havikuwako bado. Maji ya kupozea injini yalikauka mara kwa mara, wakateka mengine. Mrija wa mafuta ulipoziba, aliuzibua kwa pini ya kofia yake. Vibao vya breki vilipolika kwa miteremko, alimwomba mshona viatu avipigilie ngozi. Jioni wakafika salama.

Bibi huyu hakungoja breki ziishe kabisa. Aliona dalili, akasimama. Hilo ndilo funzo. Kabla ya safari yafaa dereva atazame maji injini ingali baridi, kwani kifuniko kikifunguliwa injini ikiwa moto, mvuke huunguza uso. Apime oili kwa kijiti chake, gari likiwa mahali palipo sawa. Akague tairi zote, pamoja na ile ya akiba, na taa zote. Mwisho akanyage breki: ikizama mpaka chini, safari na iahirishwe.

Abiria aketiye nyuma haioni breki. Ameuweka uhai wake mikononi mwa dereva. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ukuta hujengwa tena. Uhai ukianguka, hapana fundi awezaye kuusimamisha.