Siki, Kuvu na Tangi la Samaki

Leo naiweka tarakilishi kando kidogo, ingawa mtaona mambo ni yale yale ya kusaka bagi.

Nilijenga tangi la samaki nyumbani. Vioo nilikatiwa na fundi, sentimita 90 kwa 40 kwa 40, na silikoni nikainunua hadwea. Ilinuka siki. Kila niliyemuuliza alikuwa ameniambia kwamba silikoni ikinuka siki basi haina neno kwa samaki. Nikangoja siku mbili, harufu ikaisha, nikatia maji niliyokuwa nimeyaweka ndani ya ndoo ili klorini itoke. Samaki wa dhahabu watatu wakahamia tangini. Wa nne alibaki ndooni katika maji yale yale, kwa kuwa mpwa wangu alitaka alale naye chumbani.

Asubuhi ya tatu, wale watatu walikuwa wanaelea ubavu. Wa ndooni alikuwa mzima, anadai chakula.

Yeyote aliyewahi kuandika programu anajua pa kutazama. Maji yale yale, chakula kile kile, duka lile lile. Kilichobadilika ni tangi tu. Nikaenda kuifukua tyubu ya silikoni kwenye taka na kusoma yale maandishi madogo ya nyuma. Ilikuwa ya bafu na jikoni, yenye dawa ya kuzuia kuvu, na mstari wa mwisho ulionya isitumike kwenye matangi ya samaki. Mpwa wangu aliniuliza kama niliyasoma kabla. Sikuwa na jibu.

Tangu hapo nimesoma sana kuhusu jambo hili, na nimegundua kwamba taabu hii ina umri sawa na tangi lenyewe.

Mwaka 1850, mkemia Robert Warington wa London alieleza jinsi samaki, mimea na konokono wanavyoweza kuishi pamoja katika chombo cha kioo bila maji kubadilishwa kila mara. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya Regent's Park, London, ilifungua nyumba ya samaki kwa umma, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akatoa kitabu chake, *The Aquarium*, kilicholieneza jina hilo. Uingereza nzima ikashikwa na wazimu wa samaki sebuleni.

Lakini vioo hivyo vilishikwa na nini? Matangi mengi yalikuwa na fremu ya chuma na sakafu ya jiwe la sleti, na mianya ikazibwa kwa pati: unga wa chaki uliokandwa kwa mafuta ya mbegu za kitani. Ili igande na kuhimili maji, mara nyingi walichanganya oksidi nyekundu au kaboneti nyeupe ya risasi. Ndiyo, risasi, sumu ile ile. Ndiyo maana wafugaji wa zamani walipaka varnishi juu ya pati, kisha wakaliacha tangi jipya limejaa maji kwa wiki kadhaa, wakiyamwaga na kuyabadilisha, kabla ya kuthubutu kutia kiumbe chochote. Aliyekuwa na haraka alizika.

(Mabaharia wetu wa Pwani walikuwa na kazi inayofanana: kukalafati jahazi kwa pamba iliyolowa mafuta, na kupaka deheni ya chokaa na shahamu chini ya chombo. Ila wao walifukuza wadudu na viumbe vya baharini. Mfugaji anataka kinyume chake.)

Baadaye ikaja gundi yenye lami, ambayo ilinyumbulika, lakini fremu ilibaki, na maji ya chumvi yaliila. Hali ilikuwa hiyo kwa zaidi ya miaka 100.

Ukombozi ulitoka mahali ambapo hakuna aliyekuwa akiwafikiria samaki. Frederick Kipping wa Nottingham alikuwa amechunguza kampaundi za silikoni tangu mwisho wa karne ya 19, na katikati ya miaka ya 1930 bado aliona hazina matumaini makubwa. Masikini! Miaka hiyo hiyo James Franklin Hyde wa Corning Glass Works, Marekani, alikuwa akizitengenezea matumizi. Mwaka 1943 ikaundwa kampuni ya Dow Corning, na moja ya bidhaa zake za kwanza ilikuwa grisi ya kuzuia unyevu kwenye mfumo wa kuwashia injini za ndege za kivita. Miaka ya 1950 zikaja silikoni zinazoganda zenyewe katika joto la kawaida, na miaka ya 1960 watu wakaanza kuunganisha kioo kwa kioo bila fremu yoyote.

Zinagandaje? Ndani ya tyubu kuna minyororo mirefu ya silikoni na oksijeni ambayo ncha zake zimefungwa. Unyevu wa hewani ukiigusa, zile ncha hufunguka, minyororo inashikana, na asidi ya siki inatoka. Ndiyo harufu ile. Kazi huanzia nje kwenda ndani, milimita 2 au 3 hivi kwa siku, kwa hiyo pua yako inaweza kukwambia imekauka wakati moyo wake bado ni uji. Asidi ikishatoka yote, kinachobaki ni mpira usioachia kitu cha maana majini.

Hapo ndipo nilipodanganyika. Siki inakueleza namna silikoni inavyoganda; haikuelezi kingine kilichotiwa ndani. Bafuni watu walichoshwa na madoa meusi ya kuvu, basi watengenezaji wakatia sumu makusudi: zamani kampaundi za aseniki, siku hizi vitu kama zinki pirithioni, ambayo pia hutumika kwenye rangi za kuzuia viumbe kushika meli na ni kali mno kwa samaki. Dawa hiyo imewekwa ili itoke polepole. Ndiyo kazi yake! Hata maneno "silikoni asilimia 100" hayaikanushi.

Kwa hiyo mimi sasa natafuta neno moja tu kwenye tyubu: kwamba mtengenezaji mwenyewe ameiruhusu kwa matangi ya samaki. Pasipo neno hilo naiacha dukani, iwe ya siki au isiyo na harufu.

Nililifumua tangi zima. Silikoni mpya haishiki vizuri juu ya kuukuu, basi nilikwangua kila pembe kwa wembe na kupangusa kwa spiriti, kazi ya jioni tatu. Tangi hilo likijaa, kioo cha mbele hubeba msukumo sawa na uzito wa kilo 70 hivi, kwa hiyo sikutaka kubahatisha. Safari hii niliacha siku saba, nikajaza, nikamwaga, nikajaza tena. Kisha mpwa wangu akaja na ndoo yake, akasema samaki wake ataingia nikishalala mimi humo kwanza. Tulikubaliana konokono wawili watangulie.