Rozela, mlonge na mchaichai: kulima bila kemikali kwenye ukame wa Chemba

Chemba tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, na mara nyingi Februari mvua hukatika wiki mbili tatu wakati mahindi yanachanua. Wasikilizaji wa Goima, Mrijo na Kwa Mtoro huuliza: ipo mimea ya chai au viungo inayovumilia hali hii bila mbolea ya dukani? Ipo. Rozela, ambayo wengine huiita choya, na mlonge. Mchaichai nao unawezekana kama una mahali penye maji kidogo, mfano pale yanapomwagika kisimani.

Kazi huanzia kwenye shimo. Kijiji cha Chololo, mkoani kwetu hapa Dodoma, ndicho kilichoyapa jina mashimo ya Chololo: upana kama sentimita 22, kina 30, shimo hadi shimo sentimita 60, mstari hadi mstari 90. Weka majivu kidogo ya kufukuza mchwa, samadi iliyooza na mabua, kisha rudishia udongo bila kujaza hadi juu ili maji yaingie. Chimba Oktoba au Novemba. Rozela hutanuka, kwa hiyo panda shimo moja, ruka linalofuata. Mlonge upande mahali pasipotuama maji, maana mizizi yake huoza, na ukifika kimo cha mita moja ukate kilele ili utoe matawi unayoyafikia kwa mkono.

Samadi tunayo, tena bure zizini, lakini isiende shambani ikiwa mbichi. Huunguza miche, huleta mbegu za magugu, na majani ya chai ni kitu cha kunywa. Panga tabaka za mabua, samadi na majani mabichi, mwagilia, funika, geuza kila wiki mbili au tatu. Miezi mitatu hivi inatosha. Huku kwetu lundo la juu ya ardhi hukauka haraka, kwa hiyo bora litengenezwe shimoni.

Wapo wanaouliza kuhusu kilimo cha bayodinamiki. Kilitokana na mihadhara ya Rudolf Steiner ya mwaka 1924. Samadi hujazwa kwenye pembe ya ng'ombe, huzikwa miezi ya baridi, kisha kiasi kidogo hukorogwa ndani ya maji kwa saa nzima na kunyunyizwa shambani. Kupanda hufuata kalenda ya mwezi na nyota. Nchini Misri, shamba la SEKEM limelima mimea ya chai na dawa jangwani kwa njia hii tangu 1977. Kwa maoni yangu, kinachobeba mzigo pale ni mboji na kufunika udongo. Ushahidi wa pembe na nyota ni dhaifu. Anayetaka kujaribu ajaribu, ila asiache mvua ya kwanza impite akisubiri mwezi.

Sasa jambo ambalo halina mzaha: kukausha. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu mikoa ya Dodoma na Manyara, na Chemba ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoguswa. Kuvu hupenda unyevu, na rozela au majani yaliyoanikwa chini yanaweza kuvunda vilevile. Chuma rozela ikiwa laini, kabla tumba la ndani halijakauka, na uchume asubuhi umande ukishakauka. Toa tumba, tandaza safu nyembamba kwenye kichanja chenye wavu, geuza kila siku. Majani ya mlonge na mchaichai yakaushwe kivulini, jua kali hufifisha rangi na harufu. Yakivunjika kwa sauti mkononi, yamekauka. Yakikunjika tu, bado. Yenye ukungu yatupwe yote, usichambue.

Kuhusu soko, nembo ya Kilimohai hutumika Afrika Mashariki kwa mazao yanayofuata kiwango cha kilimo hai kilichopitishwa 2007. Wakulima wadogo wanaweza kuipata kwa kikundi, wakikaguana wenyewe kwa wenyewe, na gharama huwa ndogo kuliko kumleta mkaguzi kwa shamba moja moja. Chama cha Kilimo Hai Tanzania, TOAM, ndicho cha kuuliza. Ulizeni mapema, kabla ya kupanda, maana mnunuzi hutaka kumbukumbu za shamba tangu mwanzo wa msimu.

Chai ya rozela hushusha presha. Anayetumia dawa za presha amuulize kwanza mhudumu wa zahanati, na mama mjamzito vilevile.