Pombe katika Istilahi za Biolojia

Katika Kiswahili cha zamani cha mwambao, Mlingotini na vijiji vingine vya Bagamoyo, tembo ni kileo kigemwacho mnazini, na pombe ni kile kipikwacho kwa nafaka. Siku hizi tofauti hiyo imefifia. Lakini imehifadhiwa mahali ambapo wafasiri wachache wataitafuta, yaani katika jina la kisayansi la kiumbe.

Mwaka 1893 Mjerumani Paul Lindner alichunguza pombe ya nafaka iliyotoka Afrika ya Mashariki, akakuta ndani yake hamira ya namna ya pekee. Hamira ya mikate huzaa kwa kuchipuza ubavuni. Hii hurefuka, kisha hukatika katikati kuwa mbili zilizo sawa. Akaiita Schizosaccharomyces pombe. Neno la kwanza ni la asili ya Kigiriki, nalo laeleza kupasuka. La pili ni letu. Mwalimu asiyelijua hilo hulitamka neno lake mwenyewe kana kwamba ni Kilatini.

Hata hivyo tusijivune mno. Mbegu ambayo Urs Leupold aliitumia kuanzisha utafiti wa urithi wa hamira hiyo, katika miaka ya 1940, ilitokana na maji ya zabibu ya Ulaya. Jina tu ndilo lililotoka kwetu.

Kwa mfasiri, jambo zito ni lile lililofuata. Katika miaka ya 1970, huko Edinburgh, Paul Nurse alipata hamira zilizogawanyika kabla ya kufikia ukubwa wa kawaida. Jeni iliyoharibika ndani yake ilionekana kuwa kizuizi: ikiondoka, seli haingoji. Mtu aliyefasiri habari hizo wakati ule angaliandika "uzuiaji wa mgawanyiko", wala asingalikosea. Halafu ikapatikana hamira nyingine, ndogo vilevile, ambayo badiliko lake lilikuwa katika jeni ya pili, cdc2. Hiyo haikuwa kizuizi bali msukumo wenyewe: ikiharibika kabisa, seli haigawanyiki, ikibadilika kwa namna fulani, seli yagawanyika mapema. Mwaka 1982 Tim Hunt naye aliona, katika mayai ya mnyama wa baharini wa jamii ya wale wenye miiba wachomao miguu ya wavuvi wetu, protini inayojikusanya na kutoweka kila seli igawanyikapo. Mwaka 1987 Melanie Lee na Nurse walionyesha kwamba jeni ya binadamu yaweza kushika nafasi ya cdc2 ndani ya hamira. Nurse, Hunt na Leland Hartwell, mtafiti wa hamira ya mikate, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2001.

Ndiyo maana twapendelea "udhibiti wa mgawanyiko wa seli". Mwenye kudhibiti huzuia, na pia huachilia. Katika maelezo ya saratani tofauti hii si pambo. Msomaji aliyeambiwa tu kwamba kizuizi kimeondoka hataelewa kwa nini dawa za saratani ya matiti, zilizoanza kuidhinishwa Marekani mwaka 2015, hulenga protini za ukoo wa cdc2, ambazo kazi yake ni kusukuma.